Makapi ya Jahazi na Gurudumu la Kisima

Matisi ni mtaa ulio karibu na mji wa Kitale, katika nchi ya Trans Nzoia, nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, iliyoinuka juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,900. Mlima Elgon huonekana huko, lakini bahari i mbali sana. Hata hivyo, mtu wa huko hushika kamba kila siku kama baharia. Katika visima vya kuchimbwa kwa mkono, maji hupandishwa kwa ndoo na kamba. Pengine kamba hupita juu ya gurudumu dogo la chuma. Pengine hupita juu ya gogo tu, na gogo hilo baada ya muda huonyesha mifereji iliyokatwa na kamba, na kamba nayo huota manyoya. Mama wa nyumba ajua vema kwamba siku kamba itakapokatika, ndoo itabaki chini na chakula hakitapikwa kwa wakati wake.

Mkulima akisikia neno makapi hufikiri ya mahindi au ya mpunga, yale yanayopeperushwa na kutupwa. Baharia akilisikia neno hilo hilo hufikiri magurudumu ya kupandishia tanga, wala hathubutu kuyatupa. Mtu wa kisima akitaka kujua kwa nini, yafaa asafiri hadi Lamu.

Safari yenyewe ni ndefu. Atapanda basi Kitale, apite Eldoret na Nakuru mpaka Nairobi. Kutoka hapo aweza kushuka Mombasa kwa gari moshi la reli iliyofunguliwa mwaka 2017. Kisha basi jingine litamchukua kaskazini, kupitia Malindi, hadi Mokowe, na hapo mashua itamvusha mpaka kisiwani. Mji wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, una njia nyembamba, na mizigo mingi huchukuliwa na punda. Upande mwingine wa kisiwa kuna kijiji cha Matondoni, kinachosifika kwa mafundi wa kuunda vyombo.

Msafiri akitazama jahazi litwekapo tanga, ataona kisima chake kimegeuzwa juu chini. Tanga hufungwa katika mti mrefu uitwao foromali. Mti huo hupandishwa kwa kamba nene iitwayo henza, ipitayo juu ya roda, yaani gurudumu, kichwani mwa mlingoti. Henza hushuka upande wa pili, na mwisho wake hufungwa kapi liitwalo gofia. Katika gofia hupita kamba nyembamba zaidi, nayo ni jarari, ambayo mabaharia huivuta kwa pamoja. Kapi likikaa hivyo upande wa mzigo, uzito hugawanyika: kilo 60 huwa kama kilo 30 mkononi, ila mtu hana budi kuvuta kamba mara mbili ya urefu. Hiyo ni hesabu ya darasani. Roda ikiwa kavu, sehemu ya nguvu hupotea bure katika msuguano.

Lakini hasara ya nguvu si kitu mbele ya hatari nyingine. Roda ikikwama haizunguki tena. Kamba huteleza juu yake na kulika, kama ilivyo juu ya gogo la kisima. Kamba ikikatika, foromali huanguka palipo na watu. Tena dhoruba ikitokea ghafula, nahodha huamuru tanga lishushwe mara moja. Kapi likikataa kulegeza, upepo hukilaza chombo na maji huingia. Tanga lisiloshuka ni hatari kuliko tanga lisilopanda.

Adui mkubwa wa kapi ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka huacha chembe zake ndani, nazo huvuta unyevu na kula chuma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuliosha kapi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji hayo yana thamani kisiwani, maana Lamu hutegemea visima vilivyo katika machuguu ya mchanga ya Shela. Ndiyo kusema kapi nalo huishi kwa kisima.

Likiisha kukauka, msumari mnene wa katikati huchomolewa, na mafuta ya zamani hufutwa yote, kwa kuwa mafuta yaliyochanganyika na mchanga husaga kama jiwe la kunolea. Tundu la roda hutazamwa: likiwa limelika upande mmoja, roda hubadilishwa. Ndipo hupakwa mafuta mapya, kidogo tu. Wazee walitumia shahamu ya mnyama, na mbao walizipaka sifa, mafuta yatokayo katika ini la papa. Siku hizi grisi hutumika. Roda za plastiki hazihitaji grisi, kwani huikusanyia mchanga; zatosha kuoshwa. Mwisho, kamba lazima iwe kadiri ya mfereji wa roda, isije ikasugua mashavu ya kapi.

Mtu wa Matisi akirudi kwake na elimu hii, hataona haya kuitumia kisimani. Kila baada ya majuma machache na alishushe gurudumu, alifute vumbi na kutu, atazame msumari wake, kisha alipake mafuta kidogo. Asitumie mafuta ya gari, maana yatadondoka katika maji ya kunywa. Mafuta ya kupikia yafaa zaidi, mradi ayafute na kuyapaka upya mara kwa mara. Na aikague kamba yote, hasa pale inapofungwa ndooni.

Wahenga walinena, "Bandu bandu huisha gogo." Kamba ya kisima hulimaliza gogo hivyo hivyo, na gogo huimaliza kamba, kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja ndoo haipandi.