Bomba Linaloliwa kwa Ndani

Hakuna kitu kinachosahauliwa upesi nyumbani kama maji machafu. Mama akishamwaga maji ya kufulia, na mtoto akishavuta mnyororo wa choo, kila mmoja hurudi katika shughuli zake akiamini kwamba jambo limekwisha. Kumbe safari ndiyo kwanza imeanza. Chini ya barabara maji yale huingia katika bomba dogo, kisha katika kubwa zaidi, hadi yafike katika bomba kuu ambalo, katika miji mingine, mtu mzima aweza kutembea ndani yake bila kuinama. Bomba hilo likiwa zima, hakuna alitajaye. Likivunjika, mji mzima hulizungumza.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Carson, karibu na Los Angeles, nchini Marekani. Tarehe 30 Desemba, 2021, bomba kuu la zege lenye kipenyo cha mita 1.2, lililofukiwa katika miaka ya 1960, liliporomoka. Maji machafu yapatayo lita milioni 32 yalifurika, yakaingia katika mfereji uelekeao bandarini, na watu wakakatazwa kuoga katika fukwe za Long Beach na za jirani wakati wa sikukuu ya mwaka mpya. Bomba hilo halikuvunjwa na tetemeko la ardhi. Lilikuwa limeliwa kwa ndani, upande wa juu, kwa miaka mingi. Na mpango wa kulitengeneza ulikuwa umekwisha kuandikwa, ila zamu yake ilikuwa haijafika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ajabu ni kwamba maji machafu yenyewe si makali sana kwa zege. Chini, mahali maji yapitapo, ukuta huweza kukaa mzima ilhali dari inamong'onyoka. Katika utelezi unaoganda ubavuni mwa bomba, mahali hewa isipofika, huishi vijidudu vinavyotumia chumvi za salfa zilizomo majini na kuzigeuza kuwa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gesi hiyo hupanda hadi kwenye dari yenye unyevu, na huko vijidudu vya aina nyingine huigeuza kuwa tindikali ya salfa, ile ile itiwayo katika betri za magari. Mwaka 1945 mtaalamu C. D. Parker wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoharibu zege kwa njia hiyo. Chokaa iliyomo katika saruji hugeuka kuwa jasi, na zege lililokuwa gumu kama jiwe likawa laini kama chaki iliyolowa. Joto huongeza kasi ya ulaji huo. Mteremko mdogo, unaoyafanya maji yakawie njiani, huuongeza zaidi. Kwa hiyo miji ya joto iliyojengwa katika tambarare za pwani ndiyo ipaswayo kuihofia zaidi dari ya bomba.

Tangu zamani mafundi walitumia mabomba ya udongo wa kuchoma, ambayo tindikali haiyawezi. Lakini ni mazito, huvunjika, na si rahisi kuyatengeneza yakawa makubwa sana. Mabomba ya plastiki hufaa kwa njia ndogo za mitaani. Tatizo ni njia kuu, na hapo ndipo faibaglasi ilipopata nafasi. Bomba la namna hii hufanywa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, yaani gundi ya kiwandani ambayo ikikauka haiyeyuki tena, na mara nyingi huongezwa mchanga ili ukuta uwe mnene. Viwanda vingine huzungusha nyuzi hizo juu ya mhimili kama mtu azungushavyo uzi kijitini. Vingine huviweka vitu vyote ndani ya kalibu inayozunguka kwa kasi, navyo vikajibana ukutani. Nyuzi hutia nguvu. Resini huzuia tindikali.

Ubora wake haupimwi kwa maneno ya muuzaji. Kwa kanuni za upimaji zitumikazo Marekani, vipande vya bomba hubinywa huku vimetiwa tindikali ya salfa ndani, na vingine huachwa hivyo kwa zaidi ya saa 10,000, yaani zaidi ya mwaka mzima. Matokeo yake hutumiwa kukadiria hali ya bomba baada ya miaka 50. Fauka ya hayo, bomba la faibaglasi huweza kusukumwa ndani ya bomba bovu la zege, na nafasi iliyobaki kati yao ikajazwa uji wa saruji, pasipo kuchimbua barabara nzima.

Hata hivyo si haki kulisifu bomba hili bila kutaja masharti yake. Zege husimama kwa ugumu wake. Faibaglasi hunyumbuka, na hutegemea udongo wa ubavuni. Udongo huo usiposhindiliwa vizuri, bomba la duara hubonyea, na wahandisi aghalabu hulikataa likibonyea kupita asilimia 5 ya kipenyo chake. Likiangushwa kutoka kwenye lori laweza kupata ufa usioonekana kwa nje. Alikataye hana budi kufunika pua na mdomo, kwani vumbi lake lina madhara. Na bei yake kwa kawaida huzidi ya zege tupu.

Hapa kwenye bei ndipo mabaraza ya miji hukwama. Diwani huhesabu fedha za mwaka huu. Tindikali huhesabu miaka thelathini au arobaini. Lakini kuna jambo ambalo halimo katika hesabu yoyote ya zabuni. Gesi ile ile inayozaa tindikali huua watu. Ikizidi, huua kwanza uwezo wa kunusa, hata aliyeshuka chembani akadhani kwamba hatari imepita. Faibaglasi haiiondoi gesi hiyo, lakini kila tengenezo lililoepukwa ni safari moja iliyopungua ya mtu kushuka shimoni. Baba wa watoto akirudi nyumbani salama, hiyo nayo ni faida ya bomba, ijapokuwa hakuna mhasibu aiandikaye.

Kwa hiyo yafaa mwananchi, aonapo mtaro umefunguliwa mtaani kwake, aulize mambo mawili: bomba ni la nini, na udongo unashindiliwaje. La ghali lililofukiwa ovyo halimfai mtu. Nyumbani nako, mafuta ya kupikia na matambara yasitupwe katika tundu la maji, kwa sababu huganda njiani, yakayachelewesha maji, na gesi ikapata muda wa kuzaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu uko juu, gizani, mahali ambapo hakuna jicho liuonalo isipokuwa la yule aliyetumwa kukagua kabla mambo hayajaharibika.