Kipimo cha Mpanda Pikipiki

Mshonaji wa kanzu hathubutu kukata kitambaa kabla hajampima mvaaji. Hutwaa urefu wa mkono, upana wa mabega, na kimo toka shingoni hadi kifundo cha mguu, ndipo mkasi uingiapo kazini. Hata vipimo vya kale vya Waswahili vilitoka mwilini: shibiri ni toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa wazi, dhiraa ni toka kisukusuku hadi ncha ya kidole kirefu, na pima ni mikono miwili iliyonyoshwa. Ni ajabu basi kwamba pikipiki, chombo chenye thamani ya kanzu nyingi, kichukuacho roho ya mtu mabondeni na milimani, hununuliwa kwa jicho tu. Mnunuzi huingia dukani akatazama rangi, akauliza nguvu ya injini, akasikiliza mlio, akahesabu fedha. Mwili wake, ambao ndio utakaokaa juu ya chombo hicho kutwa nzima, hauulizwi neno.

Mahali pa tambarare kosa hili huweza kufichika kwa muda mrefu. Usambara halifichiki. Atokaye Tanga kwenda Lushoto kwa pikipiki hupita kwanza zaidi ya kilometa 100 za nchi iliyolala, Segera na Korogwe, joto likimpiga kifuani na mashamba ya mkonge yakimpa kisogo safu kwa safu. Afikapo Mombo yuko mita kama 400 juu ya usawa wa bahari. Hapo huiacha njia kuu akaukabili mlima, na katika kilometa 33 zipitazo Soni hupanda hadi mita 1,400 hivi, ambako mji wa Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal zamani za Wadachi, umekaa katikati ya vilima. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea baadaye kupita chini ya milima hadi Moshi, Lushoto haikupanda. Mmisionari Krapf, alipokwenda Vuga kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, alipanda kwa miguu, na njia za miguu za Wasambaa hata leo hukwea mgongo wa mlima moja kwa moja, bila kuuzunguka. Barabara ya magari haina ujasiri huo. Hujipinda na kujipindua, na kila pindo ni mtihani kwa aliye juu ya magurudumu mawili. Baada ya Lushoto safari haijaisha: uko msitu wa Magamba na ukungu wake, liko soko la Lukozi, na kilometa kama 60 kutoka mjini kiko kijiji cha Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, ambako nyika huonekana chini kama mkeka uliotandikwa.

Wengi walisikiapo neno starehe hudhani ni anasa, jambo la matajiri watembeao kwa furaha zao. Juu ya pikipiki maana hiyo haitoshi. Akili ya mwendeshaji ni kama maji ya safarini: kila tone livujalo njiani litatakiwa mbele. Mtu aumwaye kiuno hufikiri habari za kiuno. Aliyekufa ganzi vidole hukawia kubana breki. Aliyekazana shingo hageuki kutazama nyuma. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hukata zaidi ya mita 5 katika nusu sekunde. Kwenye njia ya Segera mita 5 si kitu. Kati ya Mombo na Soni zimo kona zisizo na mita 5 za kupoteza, kwani upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde, na mbele huenda basi limekwisha tokeza. Kwa hiyo atafutaye pikipiki imkaayo vizuri hatafuti raha. Atafuta kuwa macho mwisho wa safari kama alivyokuwa mwanzo.

Kipimo cha kwanza ni mguu. Asimame ukutani, amevaa viatu atakavyosafiria, abane kitabu kati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha apimiwe toka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Hesabu hiyo ailinganishe na kimo cha kiti kilichoandikwa na kiwanda. Lakini asiiamini karatasi peke yake, maana kiti kipana hupanua miguu na kuifupisha, na kiti chembamba cha kimo kile kile huirudishia urefu wake. Kisha ayakumbuke maumbile ya barabara. Magari ya Tanzania hupita kushoto, na kwa kawaida barabara huinama kuelekea ukingo ili maji ya mvua yatiririke; basi asimamapo kando, ardhi ya kushoto ndiyo iliyo mbali. Iwapo unyayo hutua sentimita 30 kando ya mstari wa magurudumu, na barabara imeinama sentimita 10 kwa kila mita moja, ardhi iko chini kwa sentimita 3 zaidi. Sentimita 3 ni chache kwa msoma hesabu. Kwa mtu mfupi ambaye dukani alikuwa akigusa sakafu kwa ncha za vidole, ndizo tofauti ya kusimama na kulala chini pamoja na gunia la viazi.

Tena mlimani miguu haifanyi kazi sawa. Asimamapo kwenye mwinuko ili kupisha lori, mara nyingi mguu wa kulia hubaki juu ya breki ya nyuma, na uzito wote huuangukia mguu wa kushoto, yaani ule ule wenye ardhi ya mbali. Wako wasemao kwamba nyayo zote mbili lazima zilale chini kama za mtu asimamaye uani kwake. Hayo yamezidi. Kwa chombo chepesi yatosha mguu mmoja ukanyage imara na wa pili uguse. Lakini uimara huo wa mguu wa kushoto hauna mbadala, na uzito wa chombo uzidipo ndivyo masharti yanavyozidi. Aliye mfupi huweza kumpelekea fundi kiti apunguze sponji. Apunguze kwa kiasi, kwa sababu kila sentimita iondolewayo chini ya makalio hukunja goti zaidi, na goti lililokunjwa saa nne hulipiza kisasi. Mtu mrefu naye ana msiba wake: juu ya pikipiki ndogo magoti yake hupanda hadi kukutana na viwiko, naye huonekana kama panzi aliyetua juu ya kiberiti.

Baada ya mguu huja pembe tatu: kiti, usukani na vikanyagio. Mpangilio wa pembe hizo ndio ukao wa mtu. Pikipiki za mashindano huweka usukani chini na vikanyagio nyuma, uzito ukaegemea viganja. Katika mteremko wa Soni viganja hivyo vitalia. Ziko zile zitupazo miguu mbele na kumlaza mtu nyuma, zipendezazo mno katika picha. Uzito wote hukaa juu ya mfupa wa kitako, na kila shimo hupanda uti wa mgongo bila kizuizi. Ukao wa tatu ni wa wima, vikanyagio vikiwa chini ya makalio au mbele kidogo, mikono imelegea viwikoni. Huo hauna urembo mwingi, lakini humruhusu mtu kusimama juu ya vikanyagio aonapo mashimo, magoti yakachukua kishindo ambacho kingechukuliwa na mgongo. Kwa njia ya Mtae, ambako lami na udongo hupokezana, hapana haja ya kubishana zaidi juu ya ukao upi wafaa.

Viwanda vya dunia vimejibu swali hili kila kimoja kwa barabara ya wateja wake. Honda walipotoa Gold Wing, mfano wa mwaka 1975, yenye silinda nne na karibu sentimita za ujazo 1,000, Wamarekani waliipenda kwa sababu njia zao ndefu zilizonyoka zilihitaji kiti kama cha sebuleni. Kadiri starehe ilivyoongezwa ndivyo uzito ulivyoongezeka, hata mwaka 1988 ilipopewa silinda sita ilibidi pia ipewe njia ya kurudi nyuma kwa nguvu ya mtambo, maana mpandaji hakuweza kuisukuma kwa wepesi. Ni chombo adhimu, na kwenye kona za juu ya Mombo kingekuwa mzigo. BMW mwaka 1980 walitoa R 80 G/S, iliyokusudiwa lami na udongo pamoja. Imesifiwa kwa haki, ila ni ndefu kwa watu wengi wa kimo cha kawaida. Kampuni ya Royal Enfield ya India ilitoa Himalayan mwaka 2016, injini ya sentimita za ujazo 411 na kiti cha milimita 800, ikiwa na fikira za milima tangu jina lake. Na Mwingereza Ted Simon aliizunguka dunia toka 1973 hadi 1977, akiivuka Afrika toka kaskazini hadi kusini, juu ya Triumph ya sentimita 500 ambayo leo hakuna muuzaji angeiita ya safari.

Ipo pia Vespa ya Italia, iliyotolewa mwaka 1946. Mchoraji wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda. Ndiyo maana alianza na mtu aketivyo, miguu pamoja mbele, mavazi yasiguse mtambo, kisha akamzungushia chombo. Haishangazi kuwa Unguja iliipokea kwa moyo, maana mvaa kanzu na mvaa baibui wote huketi juu yake kwa heshima. Magurudumu yake madogo tu ndiyo yanayoikatalia njia za Mlalo, kwa kuwa shimo ambalo tairi kubwa hulivuka, tairi dogo huzama ndani yake.

Kuhusu injini, msafiri wa Usambara ana mashaka kwa sababu safari yake ni mbili. Tambarare huidai injini kubwa: ile ndogo ikikimbizwa saa mbili bila kupumzika hutetema, na mtetemo hupenya mikononi hadi vidole vikafa ganzi. Mlima huudai wepesi. Isitoshe hewa ya juu ni hafifu. Injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ile iliyokuwa ikitamba Tanga hufika Magamba ikihema. Na wakati wa kushuka, injini ndiyo breki isiyochemka: gia ya chini huuzuia mwendo, mikono ikapumzika. Kwa mtu wa kimo cha wastani aendaye peke yake au na abiria mmoja, ukubwa kati ya 150 na 400 watosha kabisa, na chini ya hapo au juu ya hapo ni kulipa kwa mwili kile kilichookolewa au kutapanywa dukani.

Lakini haya yote ni maneno ya mwenye hiari. Vijana wengi wapandishao abiria toka Mombo, au wachukuao kabichi na karoti toka mashamba ya Lukozi, hawakuzichagua pikipiki zao. Tajiri alinunua, akamkabidhi kijana kwa mapatano ya fedha za kila siku, na kijana awe mrefu awe mfupi huvaa kanzu iliyoshonewa mwingine. Muuguzi apewaye pikipiki ya kazi ya vijijini hukuta kimo cha kiti kimekwisha amuliwa na karatasi ya manunuzi iliyotiwa sahihi mbali naye, na mara nyingi karatasi ile haikumfikiri mwanamke. Hao ndio wanaopanda siku zote, masika na kipupwe, nao ndio wenye haki ya kwanza ya kupimwa.

Hata hivyo pikipiki isiyochaguliwa huweza kusogezwa karibu na mwili wake kwa spana moja. Usukani hulegezwa ukarudishwa nyuma kidogo, viwiko visinyoke. Vishikio vya breki na klachi huinamishwa hadi vidole vivifikie bila kuvunja kifundo cha mkono. Springi za nyuma, ambazo katika pikipiki nyingi zina ngazi za kukaza, hukazwa abiria apandapo na kulegezwa ashukapo. Wengi huziacha vile vile miaka yote, kisha wakaulaumu mlima. Sponji laini sana hubonyea upesi hadi mtu akakalia chuma; iliyo ngumu kidogo hudumu.

Abiria naye ni mpandaji, ingawa hakuna ampimaye. Mama aketiye upande upande kwa ajili ya khanga yake hutegemeza mwili kwa kikanyagio kimoja, na kona ya kushoto na ya kulia kwake si kitu kimoja. Kikanyagio kiwe mahali mguu unapofika, na chuma cha kushika kiwe nyuma ya kiti. Afya ya wengi hupita hapo, wagonjwa wapelekwao hospitali ya Lushoto au Bumbuli wakiwa wamebanwa kati ya dereva na keria.

Mwenye nafasi ya kuchagua na aombe ruhusa ya kukaa juu ya chombo robo saa dukani, injini imezimwa, bila haya ya kuchekwa. Akikinunua, asiende Mtae siku ya kwanza. Apande toka Mombo hadi Soni akiwa na mzigo atakaouchukua daima, ateremke karibu na maporomoko ya maji, atembee hatua chache na kuusikiliza mwili. Viganja vikiuma, usukani uko chini au mbali mno. Goti likiuma, vikanyagio viko karibu na kiti kupita kiasi. Mfupa wa kitako ukiuma, ukao umelala nyuma. Shingo ikiuma, huenda ni kofia ngumu iliyo kubwa, inayoyumbishwa na upepo. Spana iwe mfukoni, maana mafundi wako Lushoto, na kabla ya Lushoto bado kuna kona nyingi.