Sifuri Niliyoiandika kwa Wino Mwekundu

Kabla sijawa mhadhiri, nilifundisha Maarifa ya Jamii katika shule moja ya msingi wilayani Mbozi. Mwaka mmoja nilitunga mtihani wa muhula wenye swali hili: Nani aligundua Kimondo cha Mbozi, na mwaka gani? Jibu nililolitaka lilikuwa fupi: W. H. Nott, mpima ardhi, mwaka 1930. Mtoto mmoja aliandika: "Babu zetu. Mwaka haujulikani." Nikampa sifuri kwa wino mwekundu, na pembeni nikamwandikia arudi kusoma kitabu.

Alipopokea karatasi yake hakubisha. Alisubiri wenzake watoke, akaja mezani kwangu na kusema kwa adabu, "Mwalimu, sisi kwetu ni Ndolezi. Bibi anasema hata bibi yake alikikuta." Nilimjibu kwamba kujua si kugundua. Nilijiona nimesema neno la kisomi, nikafunga daftari la alama.

Nimeishi na jibu hilo kwa miaka mingi. Leo, nikiwa nyumbani Vwawa kwa likizo, nataka kulirudia, kwa sababu naona kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake ambao mimi mwenyewe sikuuelewa.

Wageni waliowahi kufika kwenye kile kilima wanakikumbuka kimondo: pande la chuma na nikeli lenye urefu wa kama mita 3, ambalo uzito wake umekadiriwa kwa tani nyingi. Wanyiha walikuwa nacho vizazi na vizazi, wakakizungukia kwa miiko, wala hawakwenda kukiripoti kwa mtu. Nott alikiona mwaka 1930. Desemba ya mwaka huohuo, mjiolojia wa serikali ya kikoloni, D. R. Grantham, alikata kipande cha sentimita 10 kwa msumeno wa kawaida wa chuma; kazi hiyo ilimchukua saa 10. Baadaye wataalamu waliona kwamba wenyeji hawana simulizi ya moto kuanguka kutoka mbinguni, wakahitimisha kuwa kimondo kilianguka zamani sana. Hivyo hata ukimya wa wazee wetu ulipata nafasi katika maandishi kama ushahidi. Majina yao hayakuipata.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Bibi wa mwanafunzi wangu alijua. Nott alijua kidogo kuliko yeye, lakini alikuwa na ofisi ya kuipelekea habari, na ofisi hiyo ilikuwa na mamlaka ya kupima, kukata na kuandika. Katika lugha ya vitabu tulivyorithi, kugundua ni kuona kitu ukiwa na dola nyuma yako.

Mtazame Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika nyanda hizi zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Alikuwa na umri wa miaka 21. Kiongozi wa msafara, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani, huko Behobeho, naye Thomson akaachiwa kazi ambayo hakuwa na uzoefu nayo. Aliyeijua kazi ya misafara alikuwa James Chuma, Myao aliyewahi kumhudumia Livingstone na ambaye, pamoja na Abdullah Susi na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Chuma ndiye aliyekuwa mnyapara wa wapagazi wa Thomson. Vitabu vya shule vinamwita Thomson mpelelezi. Chuma, vikimkumbuka, vinamwita mtumishi.

Mwaka uliofuata Thomson aliliona Ziwa Rukwa, ambalo leo mwambao wake mmoja umo katika mkoa wetu wa Songwe. Ziwa lilikuwa na jina na lilikuwa na wavuvi. Yeye akaliita Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji, yule ambaye miaka michache baadaye angejimilikisha Kongo na kuwakamua watu wake mpira kwa viboko na bunduki. Jina hilo lilichapishwa kwenye ramani za Ulaya, halafu likafifia, nasi tukabaki na Rukwa. Tulinusurika na jina la Leopold. Hatukunusurika na mstari.

Kuanzia mwaka 1881 Waingereza walianza kutengeneza barabara ya kuunganisha maziwa haya mawili. Iliitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la tajiri aliyeigharimia. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani ulipotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, Waingereza walitaka barabara hiyo ibaki upande wao. Mpaka ukaelezwa kwa Mto Songwe, kwa kingo za bonde la Kongo na kwa nyuzi za longitudo, kwa kufuata ramani iliyoandaliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1889. Hakuna Mnyamwanga wala Mnyiha aliyeulizwa. Tume ya wapimaji ilikuja mwaka 1898 kuutafuta ardhini mpaka ambao tayari ulikuwa umekamilika kwenye karatasi. Leo upande huu panaitwa Tunduma na upande ule panaitwa Nakonde.

Shangazi yangu aliolewa Nakonde. Alipofariki tulitoka Vwawa kwa gari, watu tisa, pamoja na baba mdogo, aliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Mpakani ilibainika kwamba baba mdogo hana hati ya kusafiria. Ofisa aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole. Alitupa pole, akatueleza sheria, na sheria ilikuwa kama alivyoieleza. Dereva alinong'ona kwamba ziko njia za panya, dakika kumi tu kwa miguu. Baba mdogo akakataa. "Dada yangu sitakwenda kumzika kama mwizi," alisema. Tulimwacha Tunduma kwenye benchi la duka, katikati ya malori, na tuliporudi jioni alituuliza jambo moja tu: kaburi limeelekezwa wapi.

Sisemi kwamba kabla ya Wazungu hapa palikuwa peponi. Nyanda hizi ziliona vita vya wenyewe kwa wenyewe, na misafara ya watumwa ilizikatiza. Wala sisemi kwamba kupima ni dhambi. Bila wapimaji nisingejua kuwa kimondo kile ni mgeni kutoka angani. Ninachosema ni kwamba yule mzee kwenye benchi alikuwa akilipa deni la kalamu iliyoandika bila kuuliza, na kwamba kalamu hiyo haikurudi Ulaya mwaka 1961. Tulirithishwa sisi.

Nawaandikia hasa ninyi mlio katika utumishi wa umma, na wanafunzi wangu mtakaoingia huko kesho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji na kuupa sauti juu ya ardhi yake. Lakini ofisa anaweza kushuka kwenye gari na ramani iliyokwisha kuchorwa, akaomba mihuri, akaondoka kabla ya jua kuzama, na taarifa yake ikasema kwamba wananchi "wameshirikishwa". Akifanya hivyo, ana tofauti gani na tume ya mwaka 1898? Tofauti ni kwamba wale hawakujua lugha yetu. Sisi tunaijua, na bado hatuulizi.

Kuna hatua ndogo ambazo hazihitaji bajeti. Anayetunga mtihani aandike kwamba kimondo kilijulikana na Wanyiha tangu zamani, na kwamba habari zake ziliandikwa na wageni mwaka 1930. Anayesahihisha taarifa ya upimaji aulize majina ya wazee walioonyesha mipaka, na ayaweke humo. Anayefundisha habari za Thomson aanze na Chuma.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Sijui yuko wapi, na karatasi ile bila shaka ilikwisha kuwashia moto jikoni. Lau ningeipata, ningefuta sifuri na kumpa alama zote mbili: moja kwa jibu la "nani", na nyingine kwa kukiri, mbele ya mwalimu asiyekubali hivyo, kwamba mwaka haujulikani.