Ndiyo au Hapana Haitoshi

Rafiki yangu anayefundisha historia aliniomba nimtengenezee kijiprogramu cha wanafunzi wake: orodha ya vita, na kando ya kila vita safu moja ya kuonyesha kama vilifanya nchi ikaliwe na jeshi la kigeni. Ndiyo au hapana. Kazi ya jioni moja, sivyo? Jamani, imekula wiki tatu!

Nilianza na vita vya jirani zetu, vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto Kagera ni la Uganda. Hapo ni ndiyo, hakuna ubishi. Lakini vita hivyo hivyo viliwafikisha Watanzania Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na wanajeshi wao walibaki Uganda hadi 1981. Je, waliikalia Uganda? Siku mbili baada ya Kampala kuanguka, Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais. Serikali ipo, bendera ipo, na jeshi la jirani lipo barabarani. Kanuni za Hague za 1907 zinasema eneo limekaliwa pale linapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Neno "adui" ndilo lililonikwamisha, maana Waganda wengi waliwapokea kwa shangwe.

Halafu jeshi halisubiri vita viishe ndipo likalie nchi. Kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliichukua Dar es Salaam Septemba 1916 na Wabelgiji wakaichukua Tabora mwezi huo huo, ilhali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alisalimu amri 25 Novemba 1918. Ukitafuta "baada ya vita" tu, miaka miwili mizima inakuponyoka.

Basi ile safu nikaitoa, nikaunda jedwali zima: eneo, jeshi la nani, tangu lini, hadi lini, na liliingia au kubaki kwa idhini ya nani. Vita vya Kagera sasa vina mistari miwili, kila mmoja ukielekea upande wake wa mpaka.

Mwalimu hajafurahi. Anataka kitu ambacho mwanafunzi atakijibu kwenye mtihani, na ninamwelewa. Lakini ukurasa huo utasomwa Bukoba na Kampala pia. Mstari wa Uganda nimeuwekea nafasi ya maelezo. Akitaka tiki, ataiweka mwenyewe.