Ruksa

Usiku mmoja wa mwaka 1983 baba alituamsha mimi na kaka, tukamsaidie kuchimba shimo uani chini ya mwembe. Tulifukia katoni nne za sabuni na mfuko wa sukari uliozungushiwa nailoni. Baba alikuwa na kibanda tu pale Ngamiani, Tanga, wala si bohari. Lakini msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Sokoine ulikuwa umepamba moto, na hakuna aliyejua mtu anahesabiwa mlanguzi kuanzia katoni ya ngapi. Sukari iliyeyukia humo humo. Sisimizi walitukomesha mpaka Ramadhani.

Sabuni ya halali ilikuwa duka la ushirika, nayo hukuipata bila kadi iliyosainiwa na balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa mtu mpole, mpenda kahawa. Hata hivyo mama hakuwahi kubishana naye, hata alipoamua vibaya kesi yetu ya mpaka wa ua. "Shikamoo, balozi," basi, yamekwisha.

Kisha mambo yakalegea. Bajeti ya 1984 ilimruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mwaka mmoja nyuma swali hilo lingemfikisha korokoroni. Mwishoni mwa 1985 akaingia Rais Mwinyi, 1986 serikali ikapatana na IMF, na mtaani mitumba ikamwagwa juu ya maturubai. Shilingi ikaporomoka, lakini dawa ya meno ikawepo. Watu wakamwita Mzee Ruksa, nasi watoto tukalipenda sana jina hilo. Siku hizi nikilisikia huwa nawaza kwamba ruksa ina mwenyewe: anayeitoa leo ndiye aliyekataza jana, na sukari ya baba hakuna aliyeirudisha.

Nilipiga kura yangu ya kwanza mwaka 1990. Asubuhi ile dukani nilisimama mbele ya sabuni za aina sita, nikashindwa nichukue ipi. Kituoni haikunichukua muda. Rais ni Ndiyo au Hapana. Mbunge ni Jembe au Nyumba, na wenye jembe na wenye nyumba wote ni wana-CCM.

Mwaka uliofuata Azimio la Zanzibar likawafungulia viongozi yale waliyokatazwa na Azimio la Arusha: hisa, nyumba za kupangisha, mshahara wa pili. Ikaja pia Tume ya Nyalali kuuliza kama tunataka vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kibaki kimoja, na baba alikuwa miongoni mwao. Nilimshangaa. "Hiki kimeshanipa ruksa," aliniambia. "Hicho kingine kikija, si nitaanza kuomba upya?"

Sheria ilibadilishwa hata hivyo, 1992. Mwaka huo baba akang'oa mwembe ajenge fremu ya duka. Mafundi wakafukua kipande cha sabuni tulichokisahau, kigumu kama tofali. Balozi, aliyekuja kuangalia ujenzi, alikichukua, akakinusa, akacheka.

"Kumbe ndiyo hii? Usiku ule niliwasikia mkichimba."

Mama akaenda kumtengea kahawa.