Samaki Wetu Hawaendi Ulaya

Ninatoa ushuhuda juu ya kazi ambayo zamani niliikimbia na leo naifanya mwenyewe: kukagua usafi mahali ndakala, yaani dagaa, wanapoanikwa na samaki wanapobanikwa, hapa Baraka na kwenye mialo mingine ya Fizi, mashariki ya Kongo, inayofuata ufuko wa Ziwa Tanganyika. Sikuisomea kazi hii. Mama yangu aliuza ndakala, nami nilianza kuanika kando yake nikiwa msichana, na mpaka leo shule ya watoto wangu inalipwa na ndakala.

Ukaguzi niliokulia nao ulikuwa wa karatasi. Mtu alifika saa ile magunia yanashonwa, ana buku na tampo, anauliza mzigo huu ni wa nani. Akiondoka huyo, anakuja mwingine wa ofisi nyingine, naye ana buku yake. Sikuwahi kumwona hata mmoja akitia mkono ndani ya gunia. Tulilipa, tukapewa jetoni, mzigo ukapanda boti au lori. Kwa hiyo habari ikienea hapa Mwemezi, Baraka, kwamba watu wa ijieni, yaani wa usafi, wanakuja, akina mama walikunja shitingi zao na kutoweka, nami nilikuwa miongoni mwao. Tulikuwa na haki ya kukimbia. Faida ya gunia moja ni ndogo, na jetoni zikizidi, mtoto anafukuzwa darasani.

Aliyeyageuza mambo alikuwa kijana wa zoni ya afya. Alikuja katika majira ambayo kipindupindu kilikuwa kimepanda tena. Hapa kwetu tunakiita kolera, na si mgeni. Iko mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1970, na Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza kazi Baraka mwaka 2003, wameitibu mara nyingi mno. Daktari Didier Bompangue, Mkongomani mwenzetu, pamoja na wenzake, walieleza katika utafiti uliotoka mwaka 2008 kwamba kandokando ya maziwa yetu ndiko kolera inakobaki wakati kwingine imetulia, na kutoka huko inasafiri tena na watu. Nilipoelezwa utafiti huo nilinyamaza, maana wanaosafiri kutoka kando ya ziwa ni sisi: wavuvi wanaohama mwalo kwa mwalo na akina mama wenye magunia.

Kijana yule alinikuta nashona gunia la kwenda Bukavu. Akanisalimia, akanipa pole na kazi.

“Kama ni jetoni, mwanangu, nimeshalipa asubuhi,” nikamwambia.

“Sikuja na jetoni, mama. Naomba bakuli moja na maji.”

Akachota konzi ya ndakala wangu, akawatia kwenye bakuli, akakoroga taratibu, akasubiri. Kisha akawatoa samaki kidogokidogo kwa vidole mpaka wakaisha. Chini ulibaki mchanga wa kufunika kitako cha bakuli. Juu yalielea manyoya mawili ya kuku na punje moja ya kinyesi cha mbuzi. Mzigo ule ulikuwa wangu, na mimi nilijulikana sokoni kwa kuanika vizuri.

Hakusema neno juu ya mchanga. Aliuliza bido la maji lililokuwa karibu nami ni la kazi gani. Nikamweleza: ndakala wakikauka sana huvunjika vichwa wakati wa kushindilia, kwa hiyo tunawanyunyizia maji kidogo kabla ya kufunga. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na kila mama pale ufukoni. Akatoa kichupa chembamba, akakijaza maji ya bido langu, akatia kidonge, akatikisa. Maji yakabaki meupe. Akaenda pale wanapotia klorini kwenye mabido ya watu wanaoteka ziwani, akajaza kichupa cha pili, akatia kidonge kama kile. Maji yakageuka rangi ya waridi kwa sababu ya klorini. Akavishika vyote viwili mbele ya macho yangu na kusema, “Mama, jua lako limefanya kazi siku mbili kuwasafisha samaki hawa. Halafu wewe unawarudishia ziwa.”

Maneno yale ndiyo yaliyonibadilisha, kwa sababu yalikuwa juu ya samaki, tena yalikuwa kweli. Mdudu wa kolera hapendi ukavu. Samaki aliyekauka barabara kwa jua si mahali pake, na sufuria inayochemka humuua kabisa. Lakini nani asiyejua jinsi ndakala wanavyoliwa? Mteja sokoni huonja kwanza, anachukua wawili watatu na kuwatafuna wakavu kabla ya kuuliza bei. Mtoto aliyetumwa kununua anarudi akitafuna njiani. Mama anachambua ndakala kwa mikono, na kwa mikono ileile anamlisha mdogo. Tone la maji ya ziwa linaloingia baada ya kukauka halikutani tena na jua.

Baadaye, kwenye mafunzo Uvira, nilisikia wataalamu wakiita hatua kama ile hatua ya hatari: ukiikosea, hakuna hatua nyingine mbele itakayokuokoa. Katika njia yote ya ndakala, tangu wavu mpaka chungu, kwetu hatua hiyo ni kufunga gunia, wala si kuvua.

Kwenye mafunzo hayohayo tulisimuliwa habari za Ziwa Victoria. Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wabichi wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya kolera iliyokuwa katika nchi hizo. FAO na WHO walieleza kwamba hatari ya ugonjwa kupita kwenye minofu ile ilikuwa ndogo sana, lakini mlango ulibaki umefungwa mpaka mwaka 1998 ulipokuwa umeendelea. Mwaka 1999 ukafungwa tena, safari hii kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda waliumia. Lakini serikali zile na wenye viwanda vya sangara vya Mwanza, Kisumu na Jinja walilazimika kujenga upya kazi yao: wakaguzi wenye mamlaka, maji yanayopimwa, sehemu ya kukanyaga dawa kabla ya kuingia, kumbukumbu za kila siku. Tanzania ikawa na maabara yake ya ubora wa samaki pale Nyegezi, Mwanza.

Niliposikia hayo moyo uliniuma, na bado unaniuma. Samaki wa kuliwa na Mzungu alipata maabara. Ndakala wetu hawaendi Ulaya. Wanapanda Misisi kwa wachimba dhahabu, wanakwenda Lulimba, wanakwenda Uvira na Bukavu, wananunuliwa na wakimbizi wa Burundi waliopo Lusenda tangu mwaka 2015, wanaliwa na sombe na bugali katika nyumba zetu wenyewe. Kwa samaki huyu hakuna mlango wa kufungwa, na kwa hiyo hakuna aliyeharakisha kutujengea chochote. Anayekula akaugua, anaugulia mbali na ofisi zote. Nikasema basi, ukaguzi huu ni wetu kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Sasa tuna komite ya usafi mwaloni. Ndani yake wamo akina mama wa ndakala, wamo wanaobanika samaki aina ya mikeke, wamo reko, yaani wahamasishaji wa afya wa mitaa, na mvuvi mmoja ambaye wenzake wanamsikiliza. Tunakwenda na mwezi. Ekipe za wavuvi huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, na ndipo tunapokaa na watu kuzungumza na kutengeneza. Giza likirudi, tunapita alfajiri mitumbwi inapofika na magunia yanapofungwa, na tunapita tena jioni. Mkaguzi anayekuja saa nne mchana anakuta samaki wamelala juani na kila mtu amenawa, atajifunza nini?

Naanza na maji kila mara. Umeteka wapi, nani ametia klorini, bido lina kifuniko? Bido la kunyunyizia tuliliondoa kabisa. Badala yake tunafunga magunia asubuhi mapema, umande wa usiku ukiwa umewalainisha ndakala kiasi, na tunashindilia kwa mikono iliyonawa, si kwa miguu. Hili la miguu lilileta ugomvi mkubwa na wapagazi, maana walizoea kupanda juu ya gunia na kukanyaga ili liingie ndoo moja zaidi. Mpaka leo wapo wanaosubiri tugeuze mgongo.

Halafu vichanja. Wenzetu wa Burundi walianza kuanika juu ya vichanja zamani kuliko sisi, na Kigoma pia, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, vimeenea. Ni miti iliyosimamishwa mpaka kiunoni na wavu uliokazwa juu yake. Upepo unapita chini na juu, mbuzi hafiki, mvua ya ghafla ikija mnafunika kwa shitingi mara moja. Wakati wa kiangazi ndakala waliotandazwa alfajiri wanaweza kuwa tayari jioni ileile, ambapo mchangani wangengoja kesho yake. Miezi ile mitatu ya mwaka 2024, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi nne za ziwa hili zilipokubaliana uvuvi usimame ili samaki wazaane, njaa ilitubana kweli, lakini ndiyo miezi tuliyokata miti na kusimamisha vichanja vingi vya kwetu.

Kuna jambo moja hapa ambalo napenda kila anayeanika alisikie. Waya ni ghali, na akina mama wengi walikaza juu ya vichanja vyandarua vya bure vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria. Kwa macho kinaonekana kizuri: cheupe, laini, matundu madogo. Lakini chandarua kile kimetiwa dawa ya kuua mbu, na samaki mbichi analala juu yake akiwa na majimaji. Tunakikataa. Tunatumia nyavu kuukuu za wavuvi, zilizochemshwa na kuoshwa, na chandarua kinarudi kitandani kwa mtoto. Vilevile nakataa kwa nguvu zangu zote wale wanaopulizia magunia dawa ya wadudu ghalani ili ndakala wasitobolewe. Gunia kavu, juu ya mbao, katika chumba chenye hewa, linatosha kwa muda wa biashara yetu. Dawa ile haitoki kwa kupepeta, na kuchemsha si kinga ya kutegemea.

Wakati wa mvua ni mgumu zaidi. Jua halitoshi, ndakala wanaanza kunuka kabla ya kukauka, na mtu aliyewekeza fedha zake zote hatakubali kuwamwaga kwa sababu tu mimi nimesema. Hapo siendi na amri. Tumekubaliana mzigo wa mvua ubanikwe siku ileile, na mwenye tanuri ampokee jirani yake kwa malipo madogo. Mara nyingine inawezekana, mara nyingine matanuri yanajaa. Nimeshuhudia mama akilia juu ya mzigo tuliouzika, na nilikaa naye mpaka usiku.

Matunda yapo. Wanunuzi wa Bukavu wanatia mkono ndani ya gunia, hawaoni mchanga, wanaongeza bei bila kubishana sana, kwa sababu hawalipii tena uzito wa ufuko. Akina mama hawatukimbii. Wengine wananiita wenyewe: “Mama, njoo uone, hapa nimefanya sawa?” Nami nikiitwa hivyo, naacha gunia langu na kwenda.

Lakini mkono hauwezi kunawa pasipo maji, na hapa sitanyamaza. Mwalo wenye mamia ya watu kila alfajiri unahitaji choo. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 liliingia majumbani na sokoni, likafunika vyoo vilivyokuwa karibu na ufuko, na maji yale ndiyo watu waliyoyateka. Mvuvi aliyekaa ziwani usiku kucha, akishuka, anakwenda wapi? Kumkagua mtu aliyenyimwa choo na bomba, kisha kumwandikia faini, ni kumwonea. Kila anayekuja na mafunzo, mabango na fulana, namwonyesha kwanza mahali watu wanapojisaidia, kisha namwonyesha mahali tunapoanika, ahesabu hatua zilizo katikati.

Kiwanja cha kujenga vyoo tumeshakipata, juu ya pale maji yalipoishia mwaka ule. Mawe akina mama wameyabeba wenyewe, mchanga upo, na mafundi wawili wa mtaa wamekubali kujenga kwa chakula na nusu malipo. Kinachokosekana ni saruji, mabati, na bomba la kuleta maji kutoka juu mpaka mwaloni. Barua ya kuomba vitu hivyo tumeshaipeleka, imetiwa sahihi na akina mama wote wa vichanja, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba.