Safari ya Kipupwe Kati ya Maziwa na Milima ya Nyuzilandi

Wakulima wa nyanda za juu za Kenya wanajua kwamba Julai ni mwezi wa baridi, na watu wa Molo wanajua zaidi, maana huko sakitu huunguza majani ya viazi usiku mmoja na kumwacha mtu maskini. Lakini ni wachache waliopata kuionja Julai ya Nyuzilandi, nchi iliyo kusini kabisa ya dunia, ambayo kipupwe chake huja katika miezi ile ile ya Juni, Julai na Agosti. Mzee mmoja wa Molo aliionja. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka 31, na tangu alipostaafu hufuga kondoo katika shamba lake la ekari 14.

Alikwenda kumtazama mwanawe wa kiume, kitinda mimba wake, ambaye ni muuguzi katika mji wa Christchurch na alikuwa hajaonekana nyumbani kwa miaka 9. Mzee alikuwa na neno moja la kumwuliza, nalo lilihusu shamba. Hakuliuliza siku aliyofika, wala katika juma lile la kwanza, kwani neno la namna hiyo halisemwi kwa haraka baina ya baba na mwana.

Basi kijana akapata ruhusa ya siku 8 kazini, akakodi gari la safari. Gari hilo ni kubwa kama lile la kupelekea mikate madukani, ila ndani yake mna vitanda viwili, jiko la gesi, karai la kuoshea vyombo, tangi la maji safi, tangi la maji machafu, na choo kidogo cha sanduku. Huko mtu hawezi kulala ovyo kando ya ziwa lo lote analolipenda. Sheria ya mwaka 2011 imezipa halmashauri nguvu ya kukataza, na mahali pengi anayeruhusiwa kulala ni yule tu ambaye gari lake limethibitishwa kuwa lajitosheleza kwa siku 3, bila kumwaga cho chote chini. Sheria hiyo yaweza kuonekana kali, lakini aliyewahi kuona kingo za maziwa yanayopendwa na wageni, na taka zinazoachwa hapo, hataipinga.

Jioni ya kwanza walifika Ziwa Tekapo, kiasi cha maili 140 kutoka Christchurch, na hapo ndipo tatizo lilipotokea. Kwa desturi za kwao, mtoto wa kiume aliyekwisha kutahiriwa halali chumba kimoja na baba yake. Kijana alikuwa amelifikiria jambo hilo, akaleta hema. Lakini baridi ilikuwa imeshuka digrii 7 chini ya sifuri, na ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, hata vigingi havikuingia. Mzee alikaa katika kiti cha mbele, amejifunika blanketi mbili, akasema atakesha hapo hapo. Ilipofika saa 5 za usiku, meno yake yakigongana, alimwita mwanawe.

"Je, hii ni nyumba?"

"Sijui, Baba. Wewe waionaje?"

"Nyumba ina msingi. Hii ina magurudumu. Nilipokuwa kazini nilisafiri mara nyingi kwa treni ya usiku kutoka Nairobi mpaka Kisumu, nikalala chumba kimoja na watu nisiowajua, vijana kwa wazee, wala hakuna aliyesema nimevunja mila. Funga shuka hapo katikati. Tutalala kama abiria."

Ndivyo walivyofanya, na shuka ile ikabaki imetundikwa mpaka mwisho wa safari.

Asubuhi mzee aliliona ziwa, akadhani macho yanamdanganya, kwa kuwa maji yake ni ya buluu ya maziwa, mfano wa rangi inayopakwa kuta za maduka. Sababu yake ni barafu kubwa za milimani. Barafu hizo husogea polepole na kuyasaga mawe yaliyo chini yake, kama mwanamke asagavyo mtama, na unga ule wa mawe ni laini mno hata hauzami upesi. Huelea majini na kuirudisha nuru ya jua kwa rangi ile. Ziwa la pili, Pukaki, lina rangi hiyo hiyo. Wenyeji hawakuyaacha maji hayo yapite bure. Kina cha Ziwa Pukaki kimepandishwa mara mbili kwa ukuta, na maji hupelekwa kwa mifereji mipana kutoka ziwa hadi ziwa, yakizungusha mitambo ya umeme katika kila mteremko. Tena ndani ya mifereji yenyewe hufugwa samaki aina ya samoni. Mzee alisimama juu ya ukingo wa mfereji kitambo kirefu, akihesabu kwa vidole kazi zinazofanywa na maji yale yale.

Kando ya Tekapo pana kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1935, na karibu yake sanamu ya mbwa wa shaba iliyowekwa mwaka 1968 kwa heshima ya mbwa wa wachungaji. Jambo hilo lilimpendeza mfuga kondoo. Lakini lililomchekesha ni kwamba bonde lote lile limeitwa kwa jina la mwizi. James McKenzie alikamatwa mwaka 1855 akiwa na kondoo 1,000 wa watu, akiwaswaga pamoja na mbwa wake. Akafungwa, na mwaka uliofuata akasamehewa. Wezi wa mifugo wa Kenya hawajapata kuheshimiwa hivyo.

Kutoka ukingo wa Pukaki huonekana mlima mrefu kupita yote ya nchi hiyo, wenye futi 12,218. Tangu sheria ya mwaka 1998 iliyomaliza madai ya kabila la Ngāi Tahu, mlima huo huandikwa kwa majina mawili, Aoraki na Mount Cook, na lile la wenyeji hutangulia. Wao husimulia kwamba Aoraki na ndugu zake walikuwa wana wa mbingu, wakasafiri kwa mtumbwi, mtumbwi ukakwama mwambani na kupinduka. Nao walipopanda juu yake upepo wa kusini ukawagandisha kuwa mawe. Kisiwa chote ndicho mtumbwi, na milima ndiyo wale ndugu. Chini ya mlima huo pana ziwa jingine ambalo mzee hakulifurahia. Katika miaka ya 1970 hapakuwa na ziwa hapo, ila vidimbwi juu ya barafu ya Tasman. Sasa barafu imeyeyuka na kurudi nyuma, na maji yameenea kwa zaidi ya maili 4. Aliyeutazama Mlima Kenya tangu utotoni anaelewa habari hiyo bila kuelezwa, kwa maana barafu za huko nazo zimepungua sana, na nyingine zimekwisha kabisa.

Siku iliyofuata walivuka njia ya Lindis, futi 3,186 juu ya bahari, kati ya vilima vilivyofunikwa theluji. Kondoo aina ya merino walikuwa wakifukua nyasi kwa kwato. Mzee alimsimamisha mwanawe mara nne ili awatazame. Yeye mwenyewe hufuga Corriedale, nao asili yao ni mkoa huo huo wa Otago, ambako katika karne ya 19 watu walimchanganya merino na Lincoln ili wapate sufu na nyama pamoja. Kijana alimwambia kwamba mwaka 1982 nchi ile ilikuwa na kondoo milioni 70, na sasa hawafiki milioni 25, kwa sababu bei ya sufu imeanguka na malisho mengi yamegeuzwa kuwa ya ng'ombe wa maziwa, au misitu. Mzee hakujibu kitu. Kule Molo pia sufu hailipi kama zamani.

Katika mji wa Queenstown hawakukaa, maana umejaa watelezaji wa theluji na bei zake si za mstaafu. Walisimama kidogo tu kuliona Ziwa Wakatipu, ambalo maji yake hupanda na kushuka kama inchi 4 katika muda usiofika nusu saa, mchana na usiku. Wenyeji husema ni moyo wa jitu lililochomwa moto usingizini, na moyo wake haukufa. Wataalamu nao husema ni maji yanayosukwasukwa huku na huko ndani ya bonde lake. Jioni wakafika Te Anau, kwenye ziwa kubwa kuliko yote ya kisiwa hicho, mwanzo wa barabara ya Milford. Hapo walikuta ubao umeandikwa kwamba njia imefungwa.

Jua lilikuwa likiwaka, na mbinguni hapakuwa na wingu. Mzee alikasirika. Siku zake za kurudi Kenya zilikuwa zimekaribia, naye alikuwa ameahidiwa maporomoko ya maji. Lakini barabara ile ya maili 75 hupita chini ya majabali ambako theluji hurundikana futi nyingi, na rundo likiteleza hushuka na kufagia kila kitu. Kazi ya kulitoboa handaki la Homer, lililo katikati ya njia, ilianzwa mwaka 1935 na watu 5 wenye sururu na mikokoteni ya mkono. Kabla motokaa hazijaanza kupita mwaka 1954, wafanya kazi 3 walikuwa wameuawa na maporomoko ya theluji. Mwaka 1983 msimamizi mmoja wa barabara aliuawa vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo ulipowekwa utaratibu wa sasa: wataalamu hupima theluji kila siku, na ikiwa ya hatari, njia hufungwa, kisha huangusha baruti kutoka helikopta ili theluji iporomoke wakati hakuna mtu chini yake. Mzee aliposikia hayo alinyamaza, akasema tu kwamba angalau wangeandika ubaoni saa ya kufunguliwa.

Walingoja siku mbili. Walitembea kando ya ziwa asubuhi na jioni, wakipika ugali kwa unga wa mahindi ulionunuliwa Christchurch. Mara mbili mzee alifungua kinywa ili aseme neno lake, na mara zote mbili akaishia kuzungumza habari za kuogesha kondoo.

Siku ya tatu, saa 4 za asubuhi, njia ilifunguliwa. Magari yote huamriwa kuchukua minyororo ya magurudumu katika miezi ile, na karibu na handaki iliwabidi waifunge, wamepiga magoti barafuni, vidole vikiwa havina habari. Kasuku wa milimani aitwaye kea aliwashukia, akaanza kuung'oa mpira wa dirisha kwa mdomo wake. Handaki lina urefu wa robo tatu ya maili, na ndani yake barabara huteremka kwa ukali; kuta ni za mwamba mtupu, zinadondoka maji. Walipotokea upande wa pili, nchi ilikuwa nyingine kabisa, yenye misitu mibichi na majabali yaliyosimama wima.

Milford ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya milima, katika bonde lililochongwa na barafu ya zamani. Hunyesha hapo inchi zaidi ya 250 kwa mwaka. Walipanda mashua. Maporomoko ya Bowen huanguka futi 531, na ndiyo yanayowapa watu wa hapo umeme na maji ya kunywa. Yale ya Stirling huanguka futi 495 kutoka bonde lililo kati ya milima miwili, mmoja uitwao Tembo na mwingine Simba. Nahodha aliisogeza mashua mpaka ncha yake ikaingia ndani ya manyunyu. Mzee alikataa kuingia chumbani. Alisimama nje ameshika kofia, maji yakimpiga usoni, na ngurumo ikiyameza maneno yote.

Waliporudi garini mvua ilikuwa imeanza, na kila jabali lilikuwa likitoa vijito vyeupe, mamia kwa mamia, ambavyo saa moja kabla havikuwapo. Kijana alipika chai. Hapo ndipo mzee aliposema.

"Shamba litakuwa la nani?"

Kijana aliweka kikombe chini. "Baba, mimi sitarudi kulilima. Nitakuja kuwaona, na fedha nitaendelea kuleta. Lakini ningekudanganya nikisema nitarudi."

"Nilidhani hivyo."

"Mpe Dada. Yeye ndiye anayewaogesha kondoo na kuandika daftari la uzazi wao. Mume wake alipofariki alirudi kwako, nawe hukumfukuza. Kwa nini alilime shamba ambalo siku moja ataambiwa si lake?"

Mzee aliangalia mvua. Alisema kwamba watu wa ukoo watanung'unika. Kijana akajibu kwamba sheria ya sasa haimbagui binti, na kwamba yeye yu tayari kutia sahihi yake. Mzee akasema sheria anaijua, alikuwa karani kabla kijana hajazaliwa. Hakusema zaidi. Njia ilikuwa ifungwe tena jioni, kwa hiyo waliondoka upesi, na kwa saa mbili na zaidi hapakuwa na mazungumzo ila ya minyororo na barafu.

Katika barabara ile simu yao haikushika. Walipofika Te Anau ilikuwa saa 1 ya usiku, na kule Molo ilikuwa saa 4 za asubuhi. Mzee aliomba simu ya mwanawe, akampigia binti yake. Alimwuliza kama kondoo wameogeshwa, na kama sakitu imefika kwenye viazi. Binti akamwambia kwamba mnunuzi wa yule dume wa Corriedale atakuja Jumamosi.

"Mwambie angoje," mzee akasema. "Dume hauzwi mpaka nije, tukae mimi na wewe tuliangalie daftari, nawe useme waonaje."

Kisha akamrudishia kijana simu, akauliza kama maji ya kunywa yamekwisha kuchotwa, kabla bomba halijaganda.